Kwa Zamda, Anayekwenda Kukuza Ugonjwa wa Kamba

Zamda mwanangu,

Salamu tulishapeana leo asubuhi. Uliniambia shikamoo ukiwa umebeba ndoo, nami nikaitikia marahaba nikiwa nimekupa mgongo, maana sikutaka uuone uso wangu. Sasa umekwenda Mlali kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia mpaka jua liguse mlima. Nyumba iko kimya. Nimefunika cherehani, nimesogeza pembeni sare za wasichana wa shule ambazo bado hazijatiwa vifungo, nikakaa hapa mezani.

Sitakuandikia habari za kula wala za nguo za baridi, wala namna ya kuficha hela safarini. Hayo shangazi yako ameshayasema, na kesho atayasema tena pale stesheni. Mimi nataka kukuandikia juu ya woga.

Naogopa, Zamda. Safari hii nilianza siku ile ulipoingia mlangoni unakimbia, ukanishika mabega ukanizungusha hapa hapa sebuleni. "Mama, nimepata! Thailand! Maabara ya magonjwa ya kamba!" Nikapiga vigelegele mpaka Mama Neema akachungulia dirishani kuuliza kuna harusi. Halafu nikaingia bafuni, nikafungulia bomba ili usinisikie, nikakaa juu ya ndoo.

Hapa Kilakala watu wakiniuliza mwanangu anakwenda kusomea nini, nawajibu, "Mambo ya samaki." Wanasema mashallah, wanapita. Siwezi kuwaambia kwamba unakwenda kukuza kirusi. Kwamba utamchukua kamba mzima, umtoe kipande cha mwili wake wa ndani, ukiweke kwenye chupa kiendelee kuishi bila mwenyewe, ukilishe, na kikishashika uhai ukitie ugonjwa, ukae usubiri ugonjwa uzaane. Nikiwaambia hivyo wataniuliza kwa nini, na mimi jibu ninalo, ulinipa wewe. Nalijua kwa kichwa. Tumbo langu ndilo halijalikubali. Maana ugonjwa wenyewe ni ule ule, wa madoa meupe.

Wacha nikuandikie habari za baba yako. Nilikuhadithia mwaka jana, lakini siku ile tulikuwa tumechoka wote wawili na nilirukaruka. Ukiwa huko peke yako utataka kuwa nayo imekaa vizuri.

Baba yako Seif alikuwa mtu wa mlimani, mtoto wa wakulima wa Mlali. Bahari aliiona ukubwani. Alikwenda pwani kutafuta kazi akaipata kwenye shamba la kamba, akapewa mabwawa ya kuyaangalia. Kila asubuhi alikuwa anavuta juu kile chano cha chakula kilichozamishwa majini, anaangalia wamekula kiasi gani. Kazi ile aliipenda kuliko nilivyotegemea. Ulikuwa mdogo, ndio kwanza unajifunza kutembea. Alikuwa anamshika kamba mkononi, anamwinua kwenye jua, anakuita, "Zamda, njoo umwone, anaonekana mpaka alichokula." Wewe ulikuwa unakimbia, unajificha nyuma ya kanga yangu.

Siku moja chano kikapanda na chakula chote juu yake. Kesho yake kikapanda hivyo hivyo. Kamba wakaanza kuja ukingoni, wanaogelea kichovuchovu juu juu ya maji, na ndege wa baharini wakakusanyika kwenye tuta kama wamealikwa. Baba yako akarudi nyumbani na kamba mmoja amemfunga kwenye jani la mgomba. Akamweka mbele yangu. Gambani alikuwa na madoa meupe, madogo kama chembe za chumvi. Baba yako akakwangua kwa ukucha.

"Mwajuma, haya madoa hayatoki."

Nikayakwangua mimi. Hayakutoka.

"Niende kwa msimamizi?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipoogopa mara ya kwanza. Kabla ya hapo kulikuwa na kijana aliyekwenda kusema bwawa lake linaumwa, akafukuzwa siku hiyo hiyo, wakamwambia ugonjwa ameuleta yeye kwa uchafu. Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya shamba. Kufukuzwa kazi kulikuwa ni kufukuzwa nyumba. Nikakutazama wewe umelala kwenye mkeka, nikamwambia, "Usiseme kwanza. Huenda ni maji tu. Ngoja mvua inyeshe."

Akangoja. Baba yako alikuwa mtu wa kusikiliza, na mpaka leo natamani siku ile angenipuuza.

Tulinyamaza siku chache tu, ila maji hayakungoja. Yalitoka bwawani kwetu yakaingia mfereji mkubwa, yakaenda kwa wengine. Alipoona madoa yamefika kwa jirani yake, rafiki yake aliyekuwa anakula naye sahani moja, baba yako hakuweza kula tena. Akasema atalifunga lango la maji mwenyewe, kimya kimya, watu wasijue, angalau yasiendelee kutoka. Ilikuwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote. Nikamwambia amchukue mtu wa kumsaidia. Akasema, "Nikimchukua mtu itabidi nimweleze." Akaenda peke yake alfajiri. Mbao za lango zilikuwa zimeoza. Zilipovunjika maji yalimchukua, na yeye kuogelea alikuwa hajui.

Walimkuta mfereji ulipokauka. Kamba wa karibu shamba zima walikufa mwezi ule ule. Waliobaki wakamwagiwa dawa, mabwawa yakapigwa chokaa yote, na mimi nikapanda basi kurudi Morogoro nimekubeba mgongoni. Hakuna mtu aliyenilaumu. Hawakuwa wanajua cha kunilaumu.

Uliniambia kirusi kile hakimshiki binadamu. Najua. Lakini jaribu kukaa kwenye nafasi yangu, uone kama ungeweza kuvitenganisha, kirusi na kifo cha baba yako.

Ukakua. Nilikulea mbali na maji kadiri nilivyoweza, kwenye mji ambao kila bonde lina mto unaotoka Uluguru. Wenzako walikuwa wanashuka kufua na kuoga, wewe nilikuwa nakuogesha kwenye beseni mpaka ukaona aibu. Siku uliyorudi gauni limelowa nilikuchapa. Hukulia, uliniangalia tu, ukaniuliza, "Kwani maji yamekufanya nini, Mama?" Nikasema nyamaza. Ni yale yale niliyomwambia baba yako. Ulikuwa darasa la tatu, na nilikwisha kukufundisha kunyamaza.

Nilidhani utakuwa mwalimu, labda nesi. Ulipochagua kusomea magonjwa ya wanyama nikashukuru Mungu, nikawaza ng'ombe. Sikujua kwamba wewe unawaza vitu visivyo na damu nyekundu.

Halafu wakaja wale kaa. Masika ya mwaka jana ulipanda mlimani na mwenzako, mkawaokota kwenye mawe ya mto, mkaja nao kwenye ndoo. Tangi la chuoni lilikuwa linavuja, ukaniomba wakae uani kwenye lile beseni kubwa. Nikakubali. Jioni ulikuwa unawarushia vipande vya dagaa, mimi nashona mlangoni, nikakuuliza wa nini.

Ulifurahi nilipokuuliza. Ukavuta kigoda. Ukaniambia kwamba seli za binadamu, za ng'ombe, za kuku, hata za samaki, watu wameweza kuzikuza kwenye chupa zikazaana miaka na miaka, na ndiyo maana magonjwa yao yanachunguzika. "Za kamba hakuna aliyeweza, Mama. Za kaa vilevile. Zinakaa siku kadhaa zimeduwaa, hazizaani, halafu zinakufa. Kwa hiyo kila mara inabidi uanze upya na mnyama mpya. Mimi nataka nione za kaa wetu wa mlimani zitakaa muda gani."

"Na zikikaa?"

Ukasita. Nikakuona unasita.

"Tutatia kirusi cha madoa meupe, tuone kinaingiaje. Kirusi hakizaani penye maiti, Mama. Kinataka kitu kilicho hai."

Niliendelea kukanyaga cherehani. Asubuhi ulipokwenda chuoni nikachukua chupa ya Jiki, nikatoka uani, nikaimimina yote kwenye beseni. Nilidhani watakufa mara moja. Walipanda mmoja juu ya mwenzake wakikwangua ukuta wa beseni, na mimi nilisimama pale na ile chupa tupu mpaka walipoacha.

Uliporudi ulisikia harufu kabla hujafika uani. Nilijiandaa kwa makelele. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Wewe uliosha beseni, ukawazika chini ya mpapai, ukaingia ndani. Siku nzima iliyofuata hatukuongea zaidi ya shikamoo na marahaba. Kisha ukaja ukakaa mbele yangu ukasema, "Mama, nitakwenda kuokota wengine. Safari hii usiwaue. Na wakishaingia maabara nitakupeleka ukaone."

Nilikwenda kwa sababu ya aibu. Nilivaa lile gauni la Idi. Ukanivalisha koti jeupe juu yake na vifuniko vya viatu, ukanikalisha kwenye hadubini, na mimi sikuona kitu ila kope zangu mwenyewe. Ulicheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mimi tangu siku ya kaa. Ukazungusha kigurudumu taratibu, na ghafla zikaja.

Sijui nilitegemea nini. Zilikuwa nyingi, mviringo, zinang'aa pembeni. Nyingine zilikuwa zimetoa vijimiguu virefu vyembamba, zimeushika ukuta wa chupa. Nikakuuliza kaa mwenyewe yuko wapi.

"Amekufa wiki iliyopita."

"Na hizi?"

"Hizi zinaishi. Nazibadilishia maji ya chakula, nazilinda na ukungu. Kila asubuhi naogopa kufungua kabati nikute zimekufa."

Nilishangaa kusikia kwamba unaogopa. Sikuwahi kukuuliza.

Kisha ukanionyesha chupa nyingine, ile uliyotia kirusi kutoka kwa kamba waliogandishwa ambao Dokta Komba, mwalimu wako, alitumiwa kutoka pwani. Humo seli zilikuwa zimevimba katikati. Miguu zilikuwa zimeirudisha, na nyingi zilikuwa zimeachia chupa, zinaelea. Sikuhitaji kuelezwa. Niliwaona kamba wetu wamekuja ukingoni. Nikasimama, nikasema nataka kutoka nje.

Ulikuwa unairudisha chupa ile kwenye kabati, huku unaniangalia mimi badala ya mkono wako. Ikateleza. Niliisikia inapasuka.

Zamda, ile sekunde nimeiishi mara nyingi. Nilijua ungefanya nini, kwa sababu nilijua mimi ningefanya nini. Tulikuwa watatu tu mle ndani, mimi na wewe na yule mwenzako wa kuokota kaa, aliyekuwa amegeukia dirishani. Ungeweza kupangusa ukanyamaza.

Ukapaza sauti. "Nimemwaga! Msisogee! Mama, simama hapo hapo!"

Ukatupa karatasi juu ya maji yale, ukamimina dawa, ukamwambia mwenzako afunge mlango. Ukampigia Dokta Komba, na sauti yako ilikuwa inatetemeka lakini maneno yalitoka yote. "Dokta, nimeangusha chupa yenye kirusi. Ni mimi. Nimeshamimina dawa, hakuna aliyetoka."

Alikuja. Alikugombeza, na alikuwa na haki, hata kuniingiza mimi mle ndani alisema lilikuwa kosa. Kisha akasema kwa usalama chupa zote zilizokuwa mezani na kabatini zikapikwe kwa mvuke zitupwe, za kirusi na zile nzima. Kazi yako yote ya muhula. Ulizibeba wewe mwenyewe mpaka kwenye lile jungu la chuma. Tuliporudi nyumbani kwa bajaji ulilia kutoka Mazimbu mpaka Msamvu, dereva akazima redio.

Nikakuuliza, "Hukuogopa kusema?"

"Niliogopa mpaka mkojo ukanibana."

"Sasa mbona ulisema?"

Ukafuta kamasi kwa mkono wa gauni kama mtoto. "Ningenyamaza, nikakanyaga, nikatoka nayo kwenye viatu, kesho napanda mtoni kuokota kaa. Wale kaa wa mtoni wana kosa gani, Mama?"

Jioni ile ndiyo nilikuambia habari za lango na za mimi kumwambia baba yako asiseme. Tulikuwa jikoni. Nilingoja unichukie. Uliendelea kusuuza sahani, halafu ukaniuliza baba alikuwa anapenda kula nini. Nikakwambia ndizi mbichi na utumbo. Jumapili ukapika ndizi na utumbo. Chumvi ilizidi, nikala mpaka nikamaliza.

Sasa nikwambie ninachokiogopa hasa, maana ulidhani ni kirusi. Na mimi nilidhani hivyo mpaka wiki hii, nilipokuwa nakukunjia nguo.

Hapa ulisema kwa sababu ulikuwa kwenu. Dokta Komba anakujua tangu mwaka wa kwanza. Hata angekufukuza, ungerudi Kilakala ukala. Huko utakuwa mgeni, tena mgeni aliyesaidiwa kufika. Mgeni anaogopa kuonekana mjinga. Atakuwepo mkubwa mmoja mwenye hasira, atakuwepo mwenzako asiyekosea kamwe, au anayesema hakosei. Chupa zitakuwa za thamani kuliko za kwetu. Na siku moja mkono utateleza, Zamda, kwa sababu ni mkono. Utakuwa peke yako kwenye chumba kile, na utasikia sauti inakuambia usiseme kwanza. Hiyo sauti ni yangu. Niliitia kichwani mwako nilipokuchapa kwa sababu ya gauni lililolowa, na sijui kama naweza kuitoa kwa kuandika. Najaribu.

Naogopa pia siku utakayofaulu. Ulishanieleza ndoto yako, kwamba utazipata seli za kamba zinazokataa kufa, zizaane zenyewe, kirusi kikue humo kwa wingi, muweze kujaribu dawa na kinga bila kuua mnyama kila mara. Siku hiyo mtapiga makofi. Na wewe upige, umeihangaikia. Ila nitakuwa hapa nimeshika simu, unaniambia kwa furaha kwamba kimekua, na itabidi nifurahi na wewe. Nipe muda nikichelewa kujibu. Usikate simu.

Na naogopa kitu kingine cha kijinga. Naogopa kwamba kwa miaka yote hii woga ndio umekuwa mwenzangu wa kunifanya niamke, nikutazame unapumua, nifunge milango. Ukishaondoka sijui nitamwogopea nani. Mama Neema anasema nifuge kuku. Labda nitafuga.

Siwezi kukuambia usiogope. Baba yako hakuogopa maji, na ndiyo maana aliingia. Wewe uliogopa, ukasimama mahali pako, ukapiga kelele. Mimi katika umri wangu nimeona watu wengi jasiri na wasomi wengi wakipita chuoni hapo, lakini kile ulichokifanya mbele yangu sijawahi kukiona. Sikukuambia siku ile kwa sababu ulikuwa unalia na mimi nilikuwa natafuta leso.

Nasikia geti. Unacheka na Mama Neema, na sauti yako inaonyesha umebebeshwa mizigo, bila shaka bibi amekufungia magimbi ambayo hawatakuruhusu kupanda nayo ndege. Naacha hapa, maana ukiniona naandika utataka kusoma.

Barua hii nitaichomeka kesho kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako dogo, shangazi yako atakapokuwa anakuombea dua. Nimeandika juu ya bahasha usiifungue mpaka treni iwe imeshaiacha Morogoro. Nakujua, mwanangu. Ukiisoma treni imesimama utashuka. Na mimi nikikuona umeshuka, sina hakika kwamba nitakuwa na nguvu ya kukurudisha.

Mama yako,
Mwajuma